Fundi Alikuja Jumatano

Jumatano ile Fundi alibisha hodi saa nne asubuhi, akiwa na futi ya kupimia shingoni na kitambaa cheupe mkononi ambacho hakuna mtu aliyekiagiza.

"Hodi humu ndani."

"Karibu, Fundi, karibu. Mlango uko wazi," Mama Mchungaji aliitikia kutoka jikoni. Alijua kilichomleta kabla hata hajafuta mikono.

Fundi alikuwa mshona nguo, mwanamke wa makamo, mnene kidogo, mwenye sauti ya pili ambayo kwaya nzima iliiegemea. Hata mumewe alimwita Fundi. Aliingia, akaketi kwenye kiti kilicho karibu na mlango, mahali wanapoketi watu wasiotaka kukaa sana. Kwenye kochi, Bibi, mama mzazi wa Mchungaji, alikuwa amejilaza na blanketi lake, macho yamefumbwa, masikio yako kazini kama kawaida.

"Nimekuja kupima ile meza ya mbele kanisani," Fundi alisema. "Kitambaa chake kimechakaa."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nimejisikia tu."

Meza ya mbele. Ndiyo hiyo hiyo. Siku tatu kabla, Jumapili, mhubiri mgeni aliyealikwa na wazee wa kanisa baada ya viti vya nyuma kuanza kubaki vitupu aliiamuru isogezwe mbele ya mimbari, akaiita Meza ya Ushindi. Kila aliyeombewa aliweka juu yake kitu cha ugonjwa wake. Watu wakaweka miwani. Wakaweka mkongojo, mkanda wa mgongo, vidonge vya presha. Fundi akaweka kikopo cha plastiki chenye chupa tatu ndogo za dawa ya sukari na sindano zake, dawa aliyojidunga kila siku tangu akiwa msichana. Akashika kipaza sauti, akashuhudia kwamba hatajidunga tena. Kanisa likalipuka. Mgeni akageuka, akamuuliza mwenyeji wake mbele ya watu wote, "Mchungaji, unaamini?" Mchungaji akakaa kimya kwa muda wa kumeza mate mara mbili. Kisha akasema, "Amina."

Kusafisha madhabahu ilikuwa kazi ya mke wa mchungaji. Hakuna aliyewahi kumwajiri kwa kazi hiyo wala kumshukuru, lakini siku vumbi likionekana jina lake ndilo lililotajwa. Kwa hiyo ni yeye aliyekusanya vitu vya meza ile kwenye boksi. Na hapo ndipo alipoyaona ya dunia, maana kufikia Jumatatu jioni miwani yote ilikuwa imerudi kwa wenyewe. Walikuja mmoja mmoja kwa mlango wa jikoni. Mmoja alidai anaitaka akamgawie shangazi yake, kisha akaivaa pale pale ili aione njia. Mwenye mkongojo alimtuma mjukuu. Vidonge vya presha vilichukuliwa bila maneno, kwa kupeana mikono tu.

Kilichobaki ni kikopo cha Fundi. Hicho Mama Mchungaji hakukiweka kwenye boksi. Alikiweka kwenye friji, rafu ya juu, nyuma ya maziwa ya Bibi. Mtu anayeamini kwamba dawa haina kazi tena haihangaikii isiharibike. Hilo alilijua vizuri kabisa alipokuwa anafunga mlango wa friji, akaamua kutolijua.

"Naomba maji ya kunywa, Mama," Fundi alisema. "Jua limenikausha."

Nje kulikuwa na mawingu tangu alfajiri. Mama Mchungaji aliufungua mlango wa friji nusu, akasimama mbele yake kwa mgongo, akatoa chupa ya maji. Fundi alikunywa bilauri ya kwanza bila kupumua. Akanywa ya pili. Ya tatu akaipokea kwa mikono miwili.

"Wewe Fundi, umelamba chumvi?" Bibi alisema bila kufumbua macho.

"Kiu tu, Bibi."

"Kiu gani hiyo? Ngamia mwenyewe angeomba kupumzika."

Fundi alicheka, na kicheko kikamchosha. Mama Mchungaji aliona midomo iliyopasuka, na macho yaliyoingia ndani tangu Jumapili. Akauliza, "Mwili unaendeleaje?"

"Namshukuru Mungu. Uchovu kidogo. Na silali vizuri, naamkaamka."

"Hiyo ni vita tu. Adui anataka kukurudisha nyuma. Simama imara, dada."

Maneno hayo hayakuwa yake. Yalikuwa ya mgeni, neno kwa neno, na alishangaa jinsi yalivyomtoka kwa ulaini. Miaka kumi na mmoja ya kumsikiliza mumewe akifundisha Biblia mstari kwa mstari, na siku alipohitaji neno la kumwambia mgonjwa, aliazima la mtu aliyekaa siku tatu.

"Nisimame," Fundi aliitikia. Alikunja kitambaa chake mara mbili, akakikunjua. "Vile vitu vya mezani, Mama. Mlivipeleka wapi?"

"Vimehifadhiwa."

"Eeh. Vizuri."

Fundi alingoja apewe, Mama Mchungaji alingoja aombwe. Wenye miwani walikuwa wamekuja bila haya kwa sababu hawakusema kitu mbele ya kipaza sauti. Fundi alikuwa amesema, na muuguzi wa kliniki ambaye angempa chupa nyingine aliimba naye kwaya, sauti ya kwanza, na Jumapili ile ndiye aliyepiga vigelegele virefu kuliko wote.

Kwa nini Mama Mchungaji hakufungua mdomo? Hakuwa mtu mwovu, msimwonee. Asubuhi hiyo hiyo, saa moja kabla, mwenyekiti wa wazee wa kanisa alikuwa amesimama hapo hapo mlangoni. Mzee huyo alistaafu ualimu mkuu wa shule, lakini ualimu mkuu haukumstaafu yeye, na watu wanamwita Mwalimu Mkuu hadi leo. Alisema Jumapili ijayo Fundi atashuhudia tena, na watu wa nje wataalikwa. Kisha akashusha sauti: "Kuna wanaosema nyumba hii ndiyo inayozima moto wa kanisa. Mimi nawatetea. Lakini nitawatetea mpaka lini?" Nyumba ilikuwa ya kanisa, kuanzia bati la juu hadi kufuli la choo. Ndani yake walilala watu watano: Mchungaji, mkewe, mabinti wawili wa shule, na Bibi asiyeweza kupanda ngazi yoyote duniani.

"Basi mimi niende," Fundi alisema.

"Hukai chai iive?"

"Siku nyingine, Mama."

Aliinuka, akashika fremu ya mlango, akasubiri kidogo kabla ya kuiachia. Meza hakwenda kuipima. Mama Mchungaji alimtazama akivuka uwanja wa kanisa polepole, akajiambia kwamba jioni atampelekea kikopo kile nyumbani, kimya kimya. Jioni ikafika na nguo za shule hazijapigwa pasi.

Siku ya Jumamosi Mchungaji alirudi kutoka hospitali saa tano asubuhi. Mkewe alikuwa anafua uani. Alimwona akija, akaona alivyoibeba Biblia yake, mkono umeshuka, inagonga paja kila hatua, na hakuhitaji kuambiwa.

"Saa ngapi?" aliuliza.

"Saa tatu kasoro. Walimfikisha jana jioni, akiwa hajitambui." Mchungaji aliketi kwenye ukingo wa karo la kufulia. Alikuwa mwanaume mrefu, mpole, ambaye hata akikasirika watu walidhani anaumwa kichwa. "Mumewe alikuwa safarini na lori tangu Jumatano mchana. Amerudi jana akamkuta sakafuni, kando ya cherehani. Daktari akauliza, dawa zake ziko wapi? Yule bwana hakumjibu daktari. Alinitazama mimi."

"Alisema nini?"

"Hakusema. Alinitazama tu."

Mama Mchungaji alikuwa ameshika shati la mumewe ndani ya povu. Akaendelea kulisugua ukosi, akalisugua, hata uzi wa ukosi ukaanza kuachia. Angesema wakati huo, ingekuwa rahisi kuliko wakati wowote uliofuata. Siku zote ndivyo ilivyo, na siku zote tunangoja.

"Laiti ningejua zilipokwenda hizo dawa," Mchungaji alisema. "Sikuuliza hata siku moja. Nilisema Amina, nikaenda kula chakula."

Jumatatu Mwalimu Mkuu alikuja na ratiba ya mazishi ikiwa imepigwa chapa. Alikaa katikati ya kochi, hivi kwamba Bibi akalazimika kukunja miguu yake ndani ya nyumba ya mwanawe.

"Nyimbo mbili za kwaya," alisoma. "Historia ya marehemu itasomwa na mimi. Mahubiri, Mchungaji, dakika kumi na tano. Somo ni ushindi wa muumini."

"Nimeshachagua somo, Mwalimu."

"Somo ni ushindi wa muumini," Mwalimu Mkuu alirudia, kama mtu anayemsahihisha mwanafunzi ubaoni. "Habari za dawa zisiguswe. Familia iko kwenye majonzi, tusiwaongezee. Na mtumishi wa Mungu aliyekuja kutuhudumia tusimvunjie heshima. Nimempigia simu. Anasema dada yule lazima alikuwa na shaka moyoni."

Mchungaji aliinua kichwa. "Amesema hivyo?"

"Amesema kwa upole."

"Fundi alikuwa na imani kuliko mimi na wewe tukiunganishwa. Ndiyo iliyomuua, kwa sababu sisi tuliielekeza mahali pasipo pake."

"Punguza sauti, Mchungaji."

"Sijapandisha."

Ni kweli hakuwa ameipandisha. Mwalimu Mkuu alikunja ratiba, akatazama dari, pale penye doa la maji ambalo wazee walikuwa wameahidi kulitengeneza tangu masika mawili yaliyopita. "Miaka kumi na mmoja umetufundisha mstari kwa mstari," alisema. "Umefundisha vizuri. Na viti vinakuwa vitupu kiti kwa kiti. Wazee wamenituma niseme jambo moja tu. Ukiligusa hilo la dawa kesho, usitie mguu tena kwenye mimbari ile. Na nyumba hii tutaihitaji."

Aliinuka, akamwinamia Bibi. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba," Bibi alijibu. "Umekalia blanketi langu."

Asubuhi ya mazishi, wasichana walipokwishatumwa kwa jirani, Mchungaji aliketi meza ya jikoni mbele ya karatasi yenye mistari minne tu. Kwa kawaida mahubiri yake yalijaza kurasa nane, na kuna waumini walioapa kwamba kila ukurasa ulikuwa na usingizi wake.

"Nitasema," alimwambia mkewe.

"Utasema nini?"

"Kwamba niliulizwa kama naamini, na nilikuwa siamini, nikasema Amina kwa kuogopa watu."

"Baba, tutakwenda wapi?" Hakusema kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia. "Mama yako huyu tutambebea wapi? Watoto wana mtihani mwezi ujao. Fundi harudi. Hata ukijichinja pale mbele, harudi."

"Najua harudi."

"Basi sema ushindi, tuzike, yaishe."

"Watakaokaa pale leo, wapo wengine wenye vidonge kwenye mifuko yao wanaojiuliza wavimeze au wavitupe. Nikisema ushindi, nimewajibu." Alikandamiza macho kwa vidole. "Ningejua tu zilikokwenda zile chupa, ningempelekea mwenyewe kwa miguu yangu. Nadhani mmoja wa wazee alizitupa."

Kutoka kwenye kochi, Bibi akasema, "Hazikutupwa. Ziko kwenye friji. Nazisogeza kila siku nikitafuta maziwa yangu."

Hakuna aliyeinuka kwenda kuangalia. Mchungaji alimtazama mkewe, naye akatazama mikono yake, na friji lenyewe likaunguruma pembeni, likifanya kazi yake.

"Alikuja Jumatano," Mama Mchungaji alisema. "Alikaa pale. Aliomba maji nikampa, nikasimama mbele ya mlango asizione. Aliuliza, vile vitu viko wapi, nikasema vimehifadhiwa. Nilijua anachotaka. Nilijua kabisa, Baba. Nikamwambia asimame imara."

Alieleza yote, na alipomaliza alikuwa hatokwi na machozi, jambo lililomtisha mwenyewe. Mchungaji alikunja karatasi yake mara mbili. Alipoongea, sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka sana.

"Ulisema hivyo kwa sababu ulinisikia mimi nikisema Amina."

"Usinibebee."

"Sikubebei. Siwezi. Langu nitalisema leo, na nitaishia langu tu. Jina lako sitalitaja. Lakini siwezi kutubu kwa niaba yako, mke wangu. Ningeweza, ningefanya tangu zamani, kwa watu wote wa kanisa lile, nikapumzika."

"Mnapoteza muda," Bibi alisema. Alikuwa ameketi wima sasa, blanketi mabegani. "Mimi nimezika mume na watoto watatu. Maiti hadai jibu. Wewe, mkwe wangu, umeshamwambia mumeo, inatosha, nyamaza. Na wewe, mwanangu, Mungu alishakusikia humu ndani, ya nini kupiga kelele kule? Kwangu mimi ukweli ni kitanda, na chumba chenye choo karibu."

Mchungaji alikwenda kumbusu mama yake kwenye paji la uso. "Nimekusikia, Mama," alisema, akachukua karatasi yake ya mistari minne.

Kanisa lilijaa kama lilivyojaa siku ya Meza ya Ushindi. Madereva waliofanya kazi na mume wa Fundi walisimama ukutani na makoti yao ya kazi, hawajui wakati wa kuinuka wala wa kuketi. Yeye mwenyewe, Dereva, alikuwa kiti cha mbele, mtu mfupi, mabega mapana, shati limefungwa hadi kifungo cha shingo. Kanisani alikuwa haji. Kila Jumapili alimleta mkewe mpaka getini, akarudi saa saba kumchukua, na waumini walikuwa wamemwombea aokoke kwa miaka mingi bila hata mmoja kumkaribisha chai. Jeneza lilikaa mbele ya mimbari.

Mwalimu Mkuu alisoma historia ya marehemu kwa ufasaha, akitua penye mkato na penye nukta. Kisha Mchungaji akapanda. Hakufungua karatasi.

"Nitawaambia kifo hiki kilivyokuja," alianza, "kwa sababu mchungaji asipowaambia kondoo penye shimo, ni heri angekuwa mkulima."

Watu walicheka kidogo, kisha wakaona hachekeshi.

"Dada yetu alikuwa na ugonjwa, na alikuwa na dawa. Dawa ile Mungu alimpa. Kwa mikono ya watu, ndiyo, lakini alimpa Yeye, na dada alimshukuru kwa ajili yake kila asubuhi, aliniambia mwenyewe. Jumapili ile aliambiwa kwamba kuiacha ndiyo imani. Mimi nilijua si kweli. Nimesoma, nimefundisha humu humu kwamba Mungu huponya atakavyo, na kwamba hatujaribiwi kwa kutupa tulichopewa. Nikaulizwa mbele yenu kama naamini. Nilitazama viti vilivyojaa. Nikasema..."

Kipaza sauti kikazimika. Kijana wa mitambo alikuwa ametazama mbele, ametazama kwa wazee, akafanya alichoonyeshwa kwa kidole. Na hapo hapo Mwalimu Mkuu akainuka, akapiga makofi mawili na kuanzisha pambio la furaha, kwa sauti ya juu, kama inavyofanyika kanisani siku mhubiri anapozidisha muda. Hiyo ni desturi inayojulikana. Mwenyekiti huanzisha, kwaya hudaka, na mhubiri hukaa chini kwa heshima zake.

Kwaya haikudaka. Labda kwa huzuni, labda kwa kukosa aliyezoea kuwavuta, maana Fundi ndiye siku zote aliyeingia wa kwanza. Mwalimu Mkuu aliimba ubeti mzima peke yake. Alipofika mwisho alikuwa ametokwa na jasho, na aliketi bila kumtazama mtu.

"Nikasema Amina," Mchungaji aliendelea bila kipaza sauti, na watu ikawalazimu kunyamaza ili wamsikie. "Niliwaogopa ninyi kuliko nilivyomwogopa Mungu. Mwenye dawa mfukoni leo, akaimeze. Mwenye tarehe ya kliniki, aende. Na mume wa marehemu, ndugu yangu, mimi sina la kukuomba. Nimekukosea."

Akashuka. Hakukuwa na amina hata moja, na muuguzi wa kliniki alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili. Mama Mchungaji alikuwa safu ya pili, na jambo alilolisikia moyoni mwake lilikuwa wivu. Mumewe alikuwa ametua mzigo. Yeye wake ulikuwa bado kichwani.

Makaburini watu walikuwa wachache kuliko kanisani, kama ilivyo siku zote. Mwalimu Mkuu alingoja jeneza lishushwe, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, ndipo akamsogelea Mchungaji na kunyoosha kiganja. Mchungaji akatoa ufunguo wa ofisi mfukoni, akamkabidhi.

"Nyumba, mwisho wa mwezi," Mwalimu Mkuu alisema. "Hatutawatupia vyombo nje. Sisi ni Wakristo."

Madereva walishika sepetu, wakawa wanafukia kwa zamu. Mama Mchungaji alisimama kando akiwa amemshika Bibi mkono, na udongo ulikuwa unaanguka, na alikuwa anahesabu zamu zao bila sababu. Ndipo alipomwona Dereva anakuja moja kwa moja upande wake. Akadhani amejua.

Dereva alimshika mkono wa kulia kwa mikono yake yote miwili. Ilikuwa mikono mikavu, migumu ya usukani.

"Mama Mchungaji, nimekuja kukushukuru."

"Kwa lipi?"

"Alikuwa anakupenda sana. Kila Jumapili njiani ni Mama Mchungaji hivi, Mama Mchungaji vile. Mumeo nimemsikia leo. Sijui kama nitamsamehe, lakini nimemsikia, na ni mwanaume." Aligeuka kidogo kutazama kaburi. "Kinachoniua mimi ni Jumatano. Asubuhi ile niligombana naye. Nilimwambia nenda kachukue dawa zako kwa Mama Mchungaji sasa hivi, usinirudie bila dawa. Akaenda. Alirudi mikono mitupu, akaniambia amekuta mlango umefungwa, mmetoka. Nikamwambia jaribu tena kesho. Nikapanda lori nikaondoka. Ningekaa siku moja tu, ningekuja naye mwenyewe."

Mama Mchungaji alimtazama mdomoni, kana kwamba amesikia vibaya.

"Wewe usijilaumu hata kidogo," Dereva alisema. "Mtu hawezi kukaa nyumbani kila saa. Ungekuwepo ungempa. Hilo nalijua."

Bibi alimfinya mkono mwingine, kwa nguvu ambayo mtu asingedhani mwanamke yule bado anayo. Hatua chache pembeni, Mchungaji alikuwa amesikia kila neno. Alitazama chini, akamwachia nafasi.

Ilikuwa rahisi sana. Marehemu mwenyewe alikuwa ameshaupanga uongo, akauweka tayari, akamwachia. Kilichobaki kilikuwa kutikisa kichwa tu.

"Nilikuwepo," Mama Mchungaji alisema.

"Umesemaje?"

"Jumatano. Nilikuwepo nyumbani. Mlango ulikuwa wazi, alikaa kwenye kiti changu, akanywa maji yangu. Dawa zake zilikuwa hatua tatu kutoka alipokaa, na zilikuwa nzima. Alizunguka zunguka, akaona haya kuomba. Nilijua anachotaka. Niliogopa wazee, niliogopa nyumba. Sikumpa."

Dereva hakuuachia mkono wake. Alimtazama, paji la uso limekunjika, na ilionekana kwamba hakuwa amefika bado kwenye hasira. Alikuwa amekwama mahali pengine, nyuma kidogo.

"Basi alinidanganya," alisema. "Miaka ishirini na miwili, Fundi hakuwahi kunidanganya hata kwa neno moja. Alikuwa anakufa, na alirudi nyumbani akanidanganya ili nisikuchukie."

Alingoja kama mtu anayetegemea kupingwa. Ndipo Dereva akauachia mkono wa Mama Mchungaji, taratibu, akageuka, akamwambia mwenzake mmoja kaburini apumzike, zamu hii ni yake.